Jackton Obure na Injini Iliyotembea kwa Miguu

Mzee Jackton Obure Owino alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai, Kericho. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Owino na marehemu Aoko, waliotoka Nyakach kuja kuchuma chai. Mdogo wake wa pekee, Kepher, alizaliwa miaka minne baadaye. Waliokua nao wanasema ukimwona mmoja, mwingine hayuko mbali.

Baada ya shule ya msingi alijifunza ufundi wa vyuma mjini Kericho, 1976 hadi 1978. Huko mwalimu wake alimpa kitabu kisicho na jalada, kuhusu injini za treni za ajabu za karne ya kumi na tisa. Moja ilikuwa na vichwa viwili, dereva akiwa katikati. Nyingine ilikimbia juu ya reli moja. Aliyoipenda kuliko zote ilitengenezwa Uingereza mwaka wa 1813: nyuma ilikuwa na miguu miwili ya chuma iliyoisukuma, kama mtu anayesukuma mkokoteni.

Mwaka wa 1981 aliajiriwa fundi katika kiwanda cha chai upande wa Mogogosiek. Kepher alimfuata, akawa mtu wa kutia kuni kwenye boila. Jackton alistaafu mwaka wa 2013.

Alifunga ndoa na mama yetu, Aluoch, tarehe 17 Agosti 1985. Mama anakumbuka kwamba alipokuja kumchumbia alimletea mchoro wa ile injini. Mama akauliza, kama ina magurudumu, miguu ni ya nini? Akamweleza polepole kwamba watu wa wakati ule waliogopa magurudumu yangeteleza juu ya reli. Walijaliwa watoto watatu.

Tarehe 14 Desemba 1996, ndugu hao wawili waliwasha injini ya miguu waliyoiunda wenyewe, kubwa kama ndama, nyuma ya nyumba hapa Soin. Ilipiga hatua nne, kisha boila ikapasuka. Kepher alipoteza jicho la kushoto, na baadaye kazi. Ilisemwa kiwandani, kanisani na hata nyumbani kwamba alizidisha moto. Jackton hakukanusha.

Alianza kuugua mapafu mwaka wa 2022. Mwezi uliopita, akiwa hospitalini, alimwita binti yake Amondi, anayewasomea wasifu huu.

"Kepher hakukosa," alisema. "Valvu ya usalama, ile ya kutoa mvuke ukizidi, ilikuwa inavuja, nikaifunga na waya. Hata ile ya Wazungu ilipasuka. Nilikuwa nimesoma hiyo."

Amondi alimwuliza mbona hakusema.

"Kila Krismasi nilingoja aniulize. Hakuuliza."

Hakutaka Kepher aitwe. Aliomba tu yaandikwe hapa. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa kumi alfajiri.

Familia haikukubaliana. Wengine waliona ni aibu kumzika mtu na maneno kama haya. Siku ya Jumanne, Amondi alienda kwa Kepher, akamweleza yote. Baba mdogo alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini.

"Isomwe," alisema. "Watu walisikia ile ingine. Wasikie na hii."

Kama amesamehe, hakusema, nasi hatukumwuliza.

Marehemu ameacha mjane, Aluoch, watoto, Amondi, Oketch na Jairus, wajukuu watano, na ndugu yake, Kepher, ambaye ameketi hapa mbele.

Mungu ampumzishe kwa amani, na ampe Kepher amani hiyo angali hai.