Fundi wa Lifti na Huenda Mbili

Wasikilizaji wapendwa, simameni. Punguzeni moto jikoni, nyamazisheni watoto. Leo mwamba umeanguka, taa imezimika, nguzo imekatika, na kadhalika na kadhalika. Amefariki fundi wa lifti wa lile jengo la ghorofa tisa. Narudia: fundi wa lifti. Mnaweza kukaa.

Marehemu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ovaroli ya buluu na mdomo mkali kuliko bisibisi yake. Kazi yake ilikuwa kichekesho: anayetengeneza lifti ndiye anayepanda ngazi kuliko wote, maana haitwi mpaka lifti igome. Kaka yake mkubwa anasema, "Dada yangu alizaliwa mbishi. Hata kulia alichelewa makusudi, ili mkunga ahangaike."

Saratani ya titi ilimpata, ikasambaa hadi kwenye ini. Akawekewa dripu ya dawa inayozilenga seli za saratani, kila baada ya wiki tatu. Dawa ikailaza saratani. Kuilaza, wasikilizaji, si kuiua. Kwa hiyo dripu haikuwa na tarehe ya mwisho. Narudia: haikuwa na tarehe ya mwisho.

Ngazi ndizo zilizomuumbua. Ghorofa ya nne, sanduku la vifaa mkononi, alikaa chini akihema kama aliyekimbizwa na mbwa. Mpangaji mmoja akamruka miguu.

"Mama, lifti siku hizi inatengenezwa kwa kukaa?"

"Naisubiri ije inichukue."

Kumbe dawa ileile ilikuwa inaudhoofisha moyo. Daktari akamwonyesha picha ya moyo. Wangeweza kuisimamisha dawa, moyo utibiwe, halafu waone. Au aendelee, na moyo uchungwe kwa karibu.

"Nikiacha, saratani itaamka?"

"Huenda."

"Nikiendelea, moyo utashindwa?"

"Huenda."

"Umesoma miaka yote hiyo, daktari, kuja kunipa huenda mbili."

Nyumbani alizipima huenda hizo peke yake, maana wenzake hawakupima, walihukumu. Wifi yake alitua sufuria akasema, "Ukiacha dripu, usinitafute nije kukugeuza kitandani." Mtoto wa kaka yake, kijana mtundu wa shule ya bweni, alimwita mwoga mbele ya wageni. Yeye alivua kiatu kimoja cha kazi, akapumzika, ndipo akavua cha pili. Siku ya dripu ilipofika, hakwenda.

Na hivyo ndivyo alivyokufa, wasikilizaji wapendwa: kwa ubishi. Aliacha, akafa. Narudia: aliacha, akafa. Poleni wafiwa. Pole sana wifi, sasa una nafasi ya kupumzika. Nanyi wenye shangazi wabishi, tafakarini kabla ya...

Samahani. Simu imeingia, na fundi mitambo ameiunganisha hewani bila kuniuliza.

"We mtoto wa kaka yangu."

"Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Siku hizi maiti wanaamkiwa? Haya, endelea. Umesema nimekufa kwa kuacha dripu. Na kama ningeendelea nayo, ungesema nimekufa kwa nini?"

"Kwa moyo."

"Hiyo nayo ulishaiandika?"

"Ndiyo, Shangazi. Niliiandika kwanza."

"Ukaitupa kwa nini?"

"Haikutisha vya kutosha."

"Sawa. Kesho narudi kwa daktari, anataka jibu. Wewe unayajua mauti yangu yote mawili, nichagulie moja. Nitafanya utakalosema. Sema, baba, watu wanasikiliza."

Wasikilizaji wapendwa, hajafa. Kijana wa shule ya bweni ni mimi; likizo hii najifunza utangazaji hapa redioni. Nilitaka asikie kifo chake redioni, aogope, arudi kwenye dripu. Sasa ameniuliza, na hajakata simu. Nasikia anavyohema.

Shangazi, sijui. Nilikuita mwoga, na ninayeogopa ni mimi. Sijui useme nini kesho.