Damas Lugembe, Aliyesimama Katikati ya Mbio

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Familia imempa kazi ya kusoma wasifu huu Apolinaria, mdogo wa mjane, shemeji aliyemtania marehemu kwa miaka kumi na minane na ambaye hana nia ya kuacha leo. Anayetaka kulia na alie, anayetaka kucheka na acheke. Damas mwenyewe angewaruhusu.

Marehemu Damas Lugembe alizaliwa hapa Kwihara tarehe 11 Desemba 1911, mtoto wa tatu wa mzee Kasimiri Lugembe na mama Katarina, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Mama yake husema kutambaa hakukumpendeza kabisa. Siku aliyosimama ndiyo siku aliyotoka mbio, akaangukia kwenye mtama ulioanikwa uani.

Alianza shule ya misheni hapa kijijini mwaka 1920, kisha akaendelea mjini Tabora hadi 1927. Kila asubuhi alitoka Kwihara kwa miguu, na jioni akarudi hivyo hivyo. Walimu walimchapa kwa hesabu, wakamchapa kwa kuongea darasani, lakini kwa kuchelewa hawakumpata hata siku moja.

Mwaka 1930 aliajiriwa na reli huko Usoke, katika kundi la watengenezaji wa njia. Baadaye alikabidhiwa kazi ya kuikagua njia kwa miguu, akigonga vyuma na kukaza vilivyolegea. Huko ndiko alikojiunga na michezo ya wafanyakazi, na huko ndiko alikoharibikiwa.

Mwaka 1934 Damas alimpenda binti mmoja wa Chemchem, mtaa wa mjini Tabora. Jina lake halitatajwa, ni mke wa mtu na pengine yumo humu humu. Siku ile ile ya kwanza Damas alimwambia yote ya moyoni, na aliporudi Usoke akawatangazia watu harusi. Jamani! Binti mwenyewe alikuwa hajasema lolote. Wiki hiyo hiyo akasikia kuna mbio ndefu zinakuja, akakimbia kutoka Usoke hadi stesheni ya pili na kurudi, bila maandalizi yoyote. Kesho yake tena, na keshokutwa tena, eti binti asikie sifa zake. Mwezi haujaisha, mguu ukavimba kwenye muundi asiweze kuukanyagia, na binti akaposwa na mwingine. Damas akarudishwa Kwihara na mkongojo wake, kavunjika mguu na moyo kwa pamoja.

Aliyemkanda ni bibi yake, Nyamizi, ambaye ujanani alibeba vyungu nyuma ya mumewe katika misafara ya pwani. Mikono yake ilikuwa na nguvu, na ulimi wake ulizidi.

"Wewe Damas, msafara hauanzi hivyo," alimwambia. "Siku ya kwanza tulikwenda kidogo tu, tukapiga kambi pale ambapo bado twauona moshi wa kwetu. Aliyesahau kitu arudi akakichukue, mzigo unaobana ufungwe upya, miguu izoee. Wewe umetoka nyumbani leo, na leo hii unataka kulala Bagamoyo!"

"Na yule binti, bibi?"

"Na yeye ni safari. Umemtwika mzigo wote siku ya kwanza, hujui hata kama ana bega."

Maneno hayo yalimwingia. Mguu ulipopona, reli ikamrudisha kazini, sasa Tabora, naye Damas akaanza upya: anatembea, anakimbia kidogo, anatembea tena. Aliongeza mwendo pole pole, Jumapili akapumzika, na muundi ukilalamika hata kidogo alikaa chini bila aibu. Vijana wa reli walimcheka wakamwita kobe. Haya, walipoanza kuchechemea mmoja mmoja, walikuja wenyewe kumuuliza anafanyaje.

Mwaka 1935, mlangoni pa kanisa, alikutana na dada yetu Getruda, binti wa mzee Eustace Kashindye. Getruda naye alikuwa amewahi kudanganywa na mtu, kwa hiyo mwendo wa Damas ulimfaa sana. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa salamu. Mwaka wa pili wakazungumza njiani, mbele za watu. Mwaka wa tatu Damas akaja kusaidia kuvuna karanga, akavuna, akashukuru, akaenda zake! Nyumbani kwetu tulikuwa tunatazamana tu. Mara mfanyabiashara wa asali akaleta mshenga, na baba akasema Jumapili atatoa jibu.

Getruda hakuvumilia. Alimkuta Damas kisimani akamwambia, "Bibi yako alisema kambi ya kwanza iwe karibu. Hakusema ujenge nyumba hapo."

 Damas alimpenda dada yetu kuliko kitu chochote, ila aliogopa kuvunjika tena, na hofu ikamziba mdomo. Akaenda zake, na Getruda akarudi nyumbani analia.

Mbio ndefu alizoingia Damas zilikuwa Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, tarehe 9 Juni 1938, sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme: kutoka uwanjani Tabora hadi Kwihara na kurudi, mara mbili. Wenzake walichomoka kama wanafukuzwa na nyuki. Damas aliwaacha waende. Walipokaribia Kwihara mara ya kwanza walikuwa wanahema, na yeye akawapita wote, hata Nassibu, mshona viatu wa mjini aliyekuwa akiogopwa na kila mtu. Kijiji kizima kilikuwa barabarani. Getruda alikuwapo na kata ya maji, na nyuma yake baba na wazee wenzake.

Damas akasimama. Katikati ya mbio, yuko mbele, akasimama!

"Getruda, nataka kukuoa," akasema kwa sauti. "Naogopa, lakini nataka kukuoa."

Nassibu akapita. Mwingine akapita. Wazee wameachama. Getruda alimmwagia maji yote kichwani.

"Sasa umesimama nini? Kimbia! Jibu utalikuta ukirudi!"

Lo! Tulingoja pale hakuna aliyekaa chini. Aliporudi mara ya pili alikuwa nyuma ya Nassibu, macho kwa Getruda tu, na Getruda akapiga kelele, "Nimekubali! Kimbia, bwana, kimbia!" Vigelegele vikasikika hadi ng'ambo ya mashamba. Damas akasahau mwendo wake wote, akatoka mbio kama mwendawazimu. Alimaliza wa pili, Nassibu akimtangulia kwa kifua. Watu wakampa pole, naye akawauliza, pole ya nini?

Wazee walimtoza mbuzi, maana mtu hutuma mshenga, hapigi ukelele njiani. Alimleta siku hiyo hiyo. Walifunga ndoa tarehe 15 Oktoba 1938, wakajaliwa watoto watatu. Nassibu, aliyepo leo pamoja nasi, alimshonea viatu vya harusi.

Mwaka 1955 Damas alianza kubanwa na kifua, akashindwa hata kupanda ngazi za stesheni. Daktari alisema ni moyo. Alilazwa hospitali mjini Tabora, na akafariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Agosti 1956, mkono wake ukiwa mkononi mwa Getruda. Wiki yake ya mwisho hakuna aliyemnyamazisha. Aliwaita watoto mmoja mmoja kwa majina. Alimwomba mkewe msamaha kwa ile miaka mitatu, akamwambia kwamba anaogopa tena, na kwamba anampenda. Getruda akamjibu, "Nimesikia, baba Eustace. Nimesikia yote."

Marehemu ameacha mjane, Getruda; watoto Eustace, Katarina na Kashindye; mama yake mzazi; na shemeji mmoja asiye na wa kumtania.

Mungu ampumzishe kwa amani. Sisi ndio tuliobaki na maneno ya kumwambia. Yeye ya kwake aliyasema yote.