Mama Sahani Anaondoka, Namba Kumi na Saba Inabaki

Tarehe thelathini Juni, Daktari wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara hii. Vijana humwita Mama Sahani wakidhani hajui. Anajua. Ofisi imeniomba niandike mimi, muosha vyombo, kwa kuwa ndimi niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Wakasema niweke mambo ya kuchekesha. Ninalo moja, nalitanguliza.

Wiki yangu ya kwanza niliambiwa nioshe sahani zote zilizo mezani. Nikaosha. Kumbe vile visahani vya plastiki ndimo alimofuga seli zake, kazi ya miezi mitatu, nami nimevisugua mpaka vinang'aa. Wenzake walipiga kelele. Yeye alikaa kwenye stuli, akakiinua kimoja kwenye mwanga, akasema, "Kwa kweli vimetakata." Kisha akanivuta kwenye hadubini kunionyesha zilizosalia, ili siku nyingine nijue ninachokiua.

Kazi yake ni ugonjwa wa kurithi, unaokula ubongo wa mtu huku mwenyewe anaona. Huchukua kipande cha ngozi ya mgonjwa, akazirudisha seli zake utotoni, ndizo ziitwazo seli shina, halafu akazilea upya ziwe seli za ubongo. Anazitazama zikiugua humo sahanini, anazijaribia dawa. Kichwa cha mtu aliye hai hakifunuliwi kama sufuria.

Seli hizo hulishwa kila siku saa mbili asubuhi. Hazijui Jumapili, hazijui homa. Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe alifika watu wanakunja viti. Nilimgombeza: "Wewe mwanamke, hizo ndizo zitakuzika?" Akajibu, "Hazina mwingine, mama."

Ugonjwa huo ulimchukua mume wangu. Kisha vikombe vikaanza kumponyoka mwanangu wa kwanza, seremala, mtu aliyepiga mstari ulionyooka bila rula. Daktari akamwomba ngozi ya mkono, kiasi cha punje ya dengu. Mwanangu akamtania: "Chukua hata ya kitoweo, lakini nipe dawa." Daktari hakucheka. Alimwambia, "Sina dawa, mwanangu. Na sijui kama nitaipata ukiwapo." Mwingine angempaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sahani yake ikawa namba kumi na saba, majina hayaruhusiwi. Seli shina hazizeeki. Zinazaana, zinagandishwa, zinaamshwa tena. Daktari alizijaribia dawa mia nne na sita. Alipofika ya mia mbili na themanini, mwanangu alikufa.

Msibani, mbele ya watu, nilimwambia amemchukua mwanangu vipande vipande na hakurudisha hata kimoja. Alikaa nasi mpaka mwisho. Kesho yake saa mbili nilipita na ndoo yangu, nikamkuta anailisha kumi na saba. Macho yamevimba kuliko yangu.

Dawa ya mia nne na sita ilizifanya seli za ubongo zilizotoka kwenye ngozi ya mwanangu ziishi siku ishirini na tatu zaidi. Sahanini tu, si ndani ya mtu, na Daktari mwenyewe hachoki kunikumbusha. Lakini nimeziona kwa macho haya. Mjukuu wangu, binti wa marehemu, ana miaka kumi na tisa. Amepimwa. Anao. Kwa sasa bado anapiga mstari ulionyooka kama baba yake. Basi asije mtu kuniambia siku ishirini na tatu ni kidogo.

Nasikia mkuu mpya anataka kutoa seli za zamani apate nafasi. Karibu sana, baba. Zitoe. Ila kumi na saba si ya zamani. Sahani zote humu zinapitia mikononi mwangu, na ile nitajua ikikosekana.

Daktari, yale ya msibani niliyasema mbele ya watu, na haya nayasema mbele ya watu: nilikukosea. Usizoee. Ahsante kwa kutomdanganya mwanangu. Nenda ukae na wajukuu wako, sura yako wanaijua kwenye picha tu. Miguu yako ipone, usingizi wako uwe mzito. Jumapili usiamke, jua likufuate huko huko kitandani.

Saa mbili nitakuwa mlangoni, nimtazame anayekuja kulisha.