Mwosha Huoshwa

Kwenye pantoni ya Msangamkuu Rukia alifumba macho, lakini masikio hayafumbiki. Mbele yake mwanamke kijana aliyekatwa titi kwa saratani alikuwa akimwambia bibi mmoja, waliyejuana naye humo humo, kwamba tangu atoke hospitali anaoga na kanga mwilini, hata akiwa peke yake.

"Mjukuu wangu, sisi tulioga mtoni sote, uchi wa mnyama," bibi akasema. "Kila mmoja aliliona tumbo la mwenzake, basi hakuna aliyejiona kaumbwa vibaya. Siku hizi kila mtu na bafu lake la makuti, anadhani kovu analo yeye tu. Mimi naosha maiti. Mwosha hasemi alichokiona, lakini hili nalisema: sijaosha mwanamke asiye na kovu."

"Kwa hiyo nisubiri kufa ndiyo niwe kama wenzangu?"

"Njoo tuoge wote, tungali hai."

"Mwosha huoshwa, bibi. Wewe mara ya mwisho kakuona nani?"

Rukia akafumbua macho.

"Aliyeniona mara ya mwisho," bibi akasema taratibu, "nilimwosha mwenyewe."

Pantoni ikagusa nchi kavu. Bibi akaivuta kanga yake hadi shingoni, akashuka wa kwanza.