Mzee Gahungu Anaondoka, Mtu Asimtajie Kocha Mpya

Nianze na mimi mwenyewe, maana nisipojisifu mimi sijui nani atanisifu. Katika Washington hii yote na vitongoji vyake, yenye waandishi wa habari wengi kuliko kunguru, mtu aliyebahatika kumpokea kocha mpya wa timu yetu pale uwanja wa ndege wa Dulles Jumanne iliyopita ni huyu anayeandika, Kalisti, dereva wa basi la timu. Nimemshika mkono. Nimembebea sanduku. Jina lake ninalo kwenye ncha ya ulimi, na chuo hakitalitangaza mpaka Jumatatu. Bahati ya namna hii hainishangazi. Ilinifuata Muscat nikiendesha teksi, ikanifuata Antwerp nikiendesha lori, na sasa imenikuta Maryland.

Tuje kwa mwenye siku. Mzee Leonard Gahungu, mkuu wa stoo ya vifaa vya timu ya Korongo hapa Chuo cha Patuxent, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 19 Desemba 2025, baada ya miaka ishirini na minne kazini. Neno "anastaafu" naliandika kwa penseli. Huu ni wasifu wa nne ninaomwandikia mtu huyuhuyu wa kuacha kazi hiihii. Zile tatu za kwanza zilichapwa, zikasomwa, watu wakapangusa machozi, na Jumatatu yake mzee akafungua stoo kama kawaida akauliza nani kahamisha sabuni. Keki ya mwaka juzi aliila wiki nzima, hukohuko kazini tulikokuwa tumemuaga. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini hata profesa angeishiwa maneno.

Kwa ndugu watakaosomewa haya wakiwa Bujumbura kwao mzee au Moshi kwetu, nieleze kidogo. Mpira wa hapa unaitwa wa miguu na unachezwa kwa mikono, na anayeumia kuliko wote ni dobi. Vijana wa chuo wanavaa helmeti na mabega ya plastiki, wanagongana kama mabeberu, wanagaagaa kwenye matope, halafu jezi zote zinarudi kwa Mzee Gahungu. Mwisho wa msimu timu bora za nchi nzima huingia kwenye mchujo wa kugombea ubingwa. Zamani zilikuwa nne, siku hizi ni kumi na mbili. Korongo hawajawahi kuingia. Hilo lishikeni, maana ndilo lililonizeesha.

Mzee alifika nchi hii mwaka 2001, mkimbizi aliyelelewa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na kukomaa kambini Kigoma, akaajiriwa kama dobi wa timu. Wiki ya kwanza alizipiga pasi jezi zote, kwa kuwa kwao mtu hatolewi mbele za watu na nguo iliyokunjamana. Namba za plastiki zikabaki kwenye pasi. Jumamosi ile Korongo waliingia uwanjani na namba zilizochorwa kwa rangi ya viatu, na mvua ikanyesha. Walioona wanasema mwamuzi alikuwa anaadhibu watu kwa kukadiria. Angekuwa mwingine angefukuzwa. Yeye kocha wa wakati ule alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo hakuna jezi iliyowahi kutoka stoo ikiwa na doa, wala kijana aliyetoka mle bila kuulizwa kama amekula.

Kula, sasa. Hapo ndipo pana kesi.

Mwaka 2022 tulijiandaa kumuaga kwa mara ya kwanza. Wakati huohuo chuo kilikuwa kinatafuta kocha, na kutafuta kocha hapa ni kama kuposa mke wa mtu: kunafanyika gizani, kila mmoja anakana, na mji mzima unajua. Mimi nilikuwa na safari ya Annandale, kwa hiyo mzee akapewa gari dogo amchukue mgombea uwanja wa ndege, amfikishe moja kwa moja kwa rais wa chuo. Mzee akampitisha nyumbani kwake Lanham. Sababu yake, aliyoitoa baadaye mbele ya kamati nzima bila kupepesa jicho, ni kwamba mgeni haulizwi shida yake akiwa na njaa.

Mkewe, Mama Généreuse, hakuwa ameambiwa lolote. Alimtazama yule bwana mrefu mwenye tai, akasonga ugali, akapasha sombe, yaani kisamvu, akakaanga ndagala, ndio dagaa. Bwana akala, akaongezewa, akavua viatu, akalala kwenye kochi. Simu yake ikazimika. Huku chuoni rais na wajumbe na mwanasheria wao wamekaa wanautazama mlango. Mitandaoni wakaandika kwamba ametukataa. Mtu mmoja akaapa kamwona Texas anasaini. Alikuwa Lanham, anakoroma chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Kazi aliipata. Alisema ndiyo intavyuu pekee maishani mwake aliyoingia ameshiba. Sisi tukakata keki, tukapiga makofi, na Jumatatu mzee yuko stoo. Tulipomuuliza akatushangaa sisi. Mtu uliyemlisha, alisema, ni mgeni wako, na mgeni humwachi mlangoni ukasafiri. Lazima umwone amekaa vizuri. Kwa hesabu zake, kocha amekaa vizuri akiingia mchujo. Mama Généreuse, aliyekuwa amekwisha kuaga kanisani na kugawa sufuria, akaenda kuomba sufuria zake zirudishwe.

Mwaka 2023 kikwazo kilikuwa Farai, kijana wetu mrushaji wa mpira, ambaye jina lake liliingia kwenye orodha ya tuzo ya mchezaji bora wa nchi. Mzee alinunua suti. Alivaa suti ile stoo, katikati ya mashine za kufulia, akatazama sherehe ya tuzo kwenye simu ya Jahi. Jahi ni msaidizi wake, mzaliwa wa hapahapa Washington aliyejifunza Kiswahili darasani, na ndiye mhariri wa ratiba hii ya sherehe mnayoisoma. Hutusahihisha sisi tulionyonya lugha hii, na anayo haki, jambo linaloudhi zaidi. Farai akawa wa nne. Kijana akasema mbele ya kamera kwamba mwakani atarudi kuichukua. Mzee akasema basi na yeye atarudi. Januari Farai akahama chuo, kama wanavyohama vijana wa siku hizi, bila hata kurudisha taulo. Mzee akabaki na suti.

Mwaka 2024 ndio mlango wa mchujo ukapanuliwa, zikaingia timu kumi na mbili, na wataalamu wa televisheni, wale wa tai na meno meupe, wakatutabiria nafasi. Mzee alivimba kama andazi. Yeye mwenyewe ni mtabiri, tusimnyime. Kila Agosti hupanda juu ya benchi la stoo na kutangaza kwamba mwaka huu tunaingia. Angetabiri mvua, ningeanika nguo. Mechi ya mwisho tulifungwa na chuo ambacho hata dereva wake hakujua kilipo, aliniuliza mimi njia ya kurudi. Tukamuaga mzee kwa mara ya tatu, kwa huzuni halisi safari hii, na kabla sahani hazijaoshwa wataalamu walewale wakasema mwakani. Mama Généreuse akapiga simu shirika la ndege kusogeza tarehe. Nilikuwepo. Alizungumza nao kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko kelele.

Haya ninayaandika kwa hasira, na asiyekuwa na hasira hapa hajamjua. Nyumba yao Bujumbura imekamilika, ina milango na maji, anakaa mlinzi. Mama mzazi wa Généreuse hana macho tena na bado anauliza mkwe wake anafika lini. Magoti ya mzee yanalia ngazini hata mimi niliye nje kwenye basi nayasikia. Na mtu huyu anabaki Maryland kwa ajili ya kocha! Mwaka huu Mama Généreuse alikuja mwenyewe stoo, akasimama kati ya makapu ya jezi chafu, akasema mbele yetu sote:

"Bon. Mimi naenda tarehe ishirini. Ukibaki, nitafika kule niwaambie mume wangu ameoa timu."

Tikiti mbili. Haisogezwi hata moja. Mzee akasema ndiyo, na sisi ndiyo yake tunaijua.

Halafu Novemba chuo kikamtimua kocha. Yuleyule wa kochi la Lanham. Tulishinda mechi tatu tu, na mbele ya matajiri wa chuo mechi tatu si kitu cha kujitetea nacho. Siku anahama, wafanyakazi wengi walipita mbali na ofisi yake kama inavyokuwa kwa aliyeanguka. Mzee Gahungu alikwenda nyumbani kwake na sufuria ya sombe. Walikula wawili kwenye maboksi, viti vikiwa vimekwisha kupakiwa. Mimi ndiye niliyempeleka, nikangoja nje nikilalamikia baridi, na nikiri kwamba aliporudi garini sikuwa na mzaha hata mmoja.

Mgeni wake alikuwa ameondoka salama. Kwa sheria zake mwenyewe, mzee alikuwa huru. Ila msako mpya ukaanza siku ileile: majina matano, majina tisa, ndege zinafuatiliwa, watabiri wanatabiri kocha sasa badala ya timu. Na mzee ananusa. Tulimwona anarefusha kufagia karibu na ofisi za wakubwa. Jahi akaficha magazeti. Mimi, kwa udhaifu wangu wa kupenda kusikilizwa, Jumanne jioni nikatangaza stoo nzima nani aliyempokea mtu Dulles.

Jumatano nikiwa nafuta vioo vya basi, mzee akaja akasimama mlangoni. Nikajua limekuja. Nikawaza nitamtazamaje Mama Généreuse usoni. Mzee akashika chuma cha mlango, akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Buyenzi:

"Kalisti, jina yake usiniambie. Nikiijua, ni mgeni yangu. Na mimi nikiwa na mgeni siwezi kusafiri."

Nikamwambia siri hiyo imo kaburini. Akageuka aende. Alipofika kwenye mapipa akarudi, na goti lake likarudi naye.

"Neno moja tu. Anaonekana mtu wa kula vizuri?"

Nikamjibu kwamba anakula vizuri sana, nimemwona na mkate. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, na safari hii hakugeuka. Jana asubuhi alimkabidhi Jahi funguo zote za stoo, pamoja na ule wa kabati la sabuni nzuri, ambao kwa miaka yote hiyo hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuushika.

Kwa hiyo, waheshimiwa mlioketi humu ukumbini, sheria ya leo ni moja. Mtu asitaje kocha. Mtu asitaje mchujo unaoanza leo hii, wala timu zilizoingia, wala nani kapata tuzo. Televisheni ya ukumbi tumeichomoa, na waya anao Mama Généreuse kwenye mkoba wake. Wenye simu, ziwe mfukoni. Atakayepanda kwenye kiti kutabiri atashushwa na mimi, na nimeshusha watu wakubwa kuliko nyie kwenye magari ya nchi tatu. Ndege yao ni kesho asubuhi. Ikishapaa mtapiga kelele mpaka mchoke.

Mzee, asante. Ulituvumilia sisi tuliokuwa hatukuvumilii. Nilipofika hapa nimefukuzwa kazi Virginia, na maneno mengi mdomoni na senti hakuna, hukuniuliza shida yangu. Ulinipeleka Lanham nikala kwanza. Nilikula sana. Kumbe na mimi nilikuwa mgeni wako, na nadhani sasa nimekaa vizuri, unaweza kuniacha. Huyo kocha, awe yeyote, Jumatatu jioni atapita kwangu Silver Spring kabla hajaulizwa swali lolote na mtu yeyote. Ndagala nimekwisha kununua. Jahi atasonga ugali, Mungu amsaidie mgeni. Ukalale mchana, mzee, mlango wazi, bila mashine kuunguruma. Mama mkwe umsalimie, umwambie umechelewa kwa sababu ya wageni, ataelewa. Mkazeeke pamoja, wewe na huyu mama aliyekungoja.

Na ukiniuliza tena kabla ndege haijapaa, mzee, huyo kocha mimi sijamwona. Dulles nilikwenda kumpokea shemeji yangu. Simjui jina, wala sijui kama anakula vizuri.