Likizo ya Tanga ya Kapteni Munyao

Pale Kambu, upande malori yanapopumzika, kuna benchi mbele ya duka la kuziba pancha, na hapo ndipo Katunge anauza kahawa. Jumanne moja Munyao alifika na simu mkononi. Tunamwita Kapteni, ingawa alichowahi kuendesha ni lori. Binti yake Mbithe, anayefanya kazi kwa wenye mashua za tanga huko Kilifi, alikuwa amewapa wazazi wake likizo: siku chache baharini, siku chache kwa maji ya bara. Wachague mahali wenyewe, wamjibu kabla ya jioni.

Kapteni akatuuliza maoni. Hapo ndipo alipokosea.

Farouk, tunayemwita Pwani kwa sababu babu yake alitoka Lamu, alisema ni Lamu tu. Yeye alizaliwa Kitui na hajawahi kufika huko, lakini alituhakikishia upepo wa Lamu utamtambua kwa sura. Mulei Injinia, fundi wa pampu, alisema hiyo ni kuzunguka bure. Mashua iwekwe mto Athi mvua ikinyesha, iteremke yenyewe mpaka Malindi. Bara na pwani zimalizike mara moja.

— Na viboko? Katunge aliuliza.

— Viboko watasukuma kutoka nyuma, Injinia akasema. Hawalipwi.

Kapteni aliipenda hiyo, ila mto haupandi, watarudi vipi? Injinia alifikiri kidogo. Mashua itawekwa juu ya trela, tanga likunjuliwe, upepo wa malori uilete mpaka Kambu. Pwani alikataa kwa uchungu, akisema tanga likizoea upepo wa dizeli linakosa adabu. Katunge yeye alipendelea bwawa la Masinga, maana wakati wa kiangazi, mashua ikikushinda, unashuka unatembea.

Injinia akachukua kijiti, akachora mashua kwa vumbi. Kapteni mbele. Pwani kando yake, wa kuongea na upepo. Katunge katikati na jiko. Injinia mwenyewe nyuma, kwa injini. Alipoambiwa mashua ya tanga haihitaji injini, alisema ndiyo sababu fundi asikose. Mimi nilipewa kushika nanga, nikashukuru. Nafasi iliyobaki wakapewa mbuzi wawili, ndio mashua isilale upande mmoja.

Nthenya, mkewe Kapteni, alikuwa anatoka sokoni na kikapu. Huwa hasimami hapo. Siku hiyo alisimama, akautazama mchoro.

— Mimi nimekaa wapi?

Injinia alikitazama kijiti kana kwamba kimeharibika. Kapteni alivua kofia. Kisha akatufuta wote kwa kiatu, akianza na mbuzi.

— Keti, alimwambia, akisogea. Wewe unataka wapi?

Nthenya alijibu kama mtu aliyekaa na jibu kwa miaka. Kisumu. Tangu akiwa msichana amebeba maji mgongoni. Anataka kuona maji matamu mpaka pale macho yanapoishia, na asibebe hata tone.

— Na baharini?

— Hapo chagua wewe. Maji ya chumvi hata hapa kisimani tunachota.

Kapteni aliandika polepole kwa kidole kimoja, akampa asome kabla ya kutuma. Nthenya alisoma, akatutazama mmoja mmoja pale benchini, kisha akaongeza mwishoni: watu ni wawili.