Karatasi ya Mwisho

Shemeji: Haloo? Nani mwenzangu?

Mjane: Ni mimi, shem. Mke wa kaka yako.

Shemeji: Ah, shem... Pole sana. Nilitaka kupiga tangu siku ile ya—

Mjane: Nimeshapoa. Niko studio kwake, ndani ya chumba cha giza.

Shemeji: Nani kakuingiza kwenye madawa hayo ya picha?

Mjane: Kamera yake ilikuwa na mkanda. Nimeusafisha mwenyewe. Miaka kumi na tisa namshikia taulo, nisijue? Kuchapa ndiko kumenishinda. Karatasi mbili zimetoka nyeusi tititi.

Shemeji: Ulizimulika?

Mjane: Kidogo tu, kwa simu. Nione kama picha imeanza kutokea.

Shemeji: Shem, karatasi ile ikiona mwanga haina samahani. Kaka aliwahi kunitoa nje kwa ajili ya saa yenye mishale inayong'aa.

Mjane: Imebaki moja.

Shemeji: [mkwaruzo] ...ngapi?

Mjane: Moja. Na picha ni yake mwenyewe. Kapiga mji mzima, yeye hayumo popote. Kwenye jeneza tuliweka ile ya kitambulisho. Hukuja mazikoni, hukuiona wewe.

Shemeji: Weka spika, simu ifunike kwa taulo. Iache taa nyekundu tu. Karatasi ikiwa chini ya mashine, washa, hesabu nane, zima, itie dawa ya kwanza. Tikisa sinia kama unabembeleza mtoto.

Mjane: ...saba, nane. Nimetia.

Shemeji: Unaona nini?

Mjane: Hakuna kitu... Kola. Masharubu yale... Shem, anacheka.

Shemeji: Anacheka?

Mjane: Meno yote nje. Nani alimpiga picha hii?

Shemeji: Mimi. Asubuhi ile, kabla hatujagombana. Nilimwambia ana sura ya mtu anayesubiri sindano.

Mjane: Hakuniambia.

Shemeji: Itoe sasa. Isuuze, itie dawa ya kukaza.

Mjane: Ngoja. Ananiangalia.

Shemeji: Inazidi kuwa nyeusi, shem. Utampoteza.

Mjane: Nywele zinaanza kuungana na ukuta—

Shemeji: Itoe. Nakusihi, dada yangu, itoe.

Mjane: [maji] Nimeitoa. Imo kwenye dawa.

Shemeji: Amebaki?

Mjane: Amebaki. Mweusi kidogo kuliko alivyokuwa.

Shemeji: Angetusema wote wawili.

Mjane: Wewe zaidi.

Shemeji: Mimi zaidi. Iache dakika tano, kisha washa taa.

Mjane: Sitaki kuwasha bado. Nikiwasha nitafunga mlango niende nyumbani, na nyumbani kumenyamaza. Kaa kidogo kwenye simu.

Shemeji: Nipo. Nitakuja, shem, mwezi ujao nikipata—

Mjane: Usiseme utakuja. Kaa tu.

Shemeji: Haya. Nimekaa.

Mjane: [maji yanadondoka] Salio ni langu, linakatika bila kuaga.

Shemeji: Basi kata, nitapiga mi—

Mjane: Shem?... Haloo?... Shem?